Ufunguo wa Kiwandani: Kamera ya Duka na Pampu ya Mji Vinaugua Ugonjwa Mmoja

Jumamosi ya Novemba 25, 2023, king'ora kililia katika kituo cha kusukumia maji cha mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kioo kidogo cha kidhibiti, ambacho kazi yake ni kufuatilia msukumo wa maji na kuiamrisha pampu, kilikuwa na ujumbe wa kundi lililojiita CyberAv3ngers: mmedukuliwa, na kila kifaa kilichotengenezwa Israeli ni halali yetu. Wafanyakazi walizima mfumo wa kujiendesha, wakashika pampu kwa mkono, na maji ya watu hayakukatika. Siku chache baadaye, ng'ambo ya Atlantiki, kaya zipatazo 180 huko Erris, magharibi mwa Ireland, zilikaa siku mbili bila maji baada ya kifaa kilichotengenezwa Israeli kuingiliwa.

Mamlaka za Marekani zililihusisha kundi hilo na Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran, na siasa yake ni ndefu. Mimi kinachonirudisha kwenye kisa hiki ni tarakimu nne. Kidhibiti hicho, kazi ya kampuni ya Unitronics, kilitoka kiwandani kikiwa na nywila 1111. Tahadhari iliyotolewa na Marekani wiki hiyo ilisema vifaa vya namna hiyo vilikuwa vimeachwa wazi kwenye intaneti, nywila yake ikiwa ileile ya kiwandani au haipo kabisa. Mdukuzi hakuvunja kitu. Alisukuma mlango, ukafunguka.

Tukisikia mtambo wa maji umedukuliwa, huwa tunadhani hayo ni mambo ya majasusi na majeshi, hayafanani hata kidogo na kamera uliyofungiwa dukani wiki iliyopita. Yanafanana sana. Ukikielewa kilichoisibu kamera, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya kilichoisibu pampu.

Kompyuta isiyotazamwa na mtu

Tukisema kompyuta, macho yetu huona kibodi na kioo. Lakini kamera ya ukutani, ruta inayotoa waifai, televisheni janja, taa inayowashwa kwa simu na kidhibiti cha pampu vyote vina chipu, vina programu, na vina njia ya kuzungumza na mtandao. Hizo ni kompyuta kamili. Tofauti yake na ile ya mezani ni kwamba hakuna anayezitazama. Kompyuta ya ofisini ikiugua, mwenyewe atalalamika kuwa imekuwa nzito, ataita fundi. Kamera ikiugua, itaendelea kuonyesha geti kama ilivyoonyesha jana.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, waliitumia tofauti hiyo. Walikuwa watu wa mchezo wa Minecraft. Wenye seva za mchezo huo hupata fedha kutokana na wachezaji, kwa hiyo ukiiangusha seva ya mshindani wako, wachezaji wake watahamia kwako. Programu waliyoiandika, Mirai, haikuwa na maajabu. Ilizunguka intaneti ikigonga anwani moja baada ya nyingine kwenye mlango wa kizamani uitwao Telnet, na palipoitikiwa ilijaribu orodha ya jozi 60 na kitu za majina na nywila za kiwandani: admin na admin, root na 123456, na nyingine za jinsi hiyo. Kifaa kilichofunguka kilitekwa, nacho kikaanza kugonga milango ya wengine. Katika kilele chake jeshi hilo lilifikia vifaa vipatavyo 600,000, vingi vikiwa kamera, mashine za kurekodia picha za kamera, na ruta.

Kamera moja haina nguvu ya kumuumiza mtu. Kamera laki moja zikituma maombi kwa seva moja kwa wakati mmoja ni sawa na umati uliosimama mlangoni mwa duka bila nia ya kununua: mteja wa kweli hapati pa kupita. Mwisho wa Septemba 2016 mmoja wa vijana hao aliumwaga msimbo wa Mirai hadharani, na yeyote aliyetaka akauchukua. Oktoba 21 mwaka huohuo shambulio lililotumia programu hiyo liliipiga Dyn, kampuni iliyokuwa ikitunza sehemu ya daftari la anwani za intaneti, lile linaloiambia simu yako tovuti fulani inapatikana kwenye seva ipi. Daftari lilipofunikwa, Twitter, Netflix, Reddit na Spotify hazikupatikana kwa saa kadhaa kwa watu wengi wa Marekani na Ulaya. Seva zenyewe zilikuwa nzima. Anwani zake ndizo hazikuweza kusomwa.

Afrika haikukaa pembeni. Mwingereza Daniel Kaye alilipwa na mtu kutoka kampuni pinzani ili aishambulie Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, na akatumia jeshi la kamera zilizotekwa kwa namna hiyohiyo. Novemba 2016 mashambulizi yalizidi kiasi kwamba hata intaneti ya nchi ikayumba. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Fikiria safari ya jambo hili: ugomvi wa wafanyabiashara wa Monrovia, mtu wa kukodiwa kutoka Uingereza, na silaha ambazo ni kamera za watu waliolala majumbani mwao wasijue lolote.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Mwenye kamera hakuumia, kwa hiyo hakulalamika. Hakulalamika, kwa hiyo muuzaji hakusikia. Muuzaji hakusikia, kwa hiyo kiwanda hakikubadilisha kitu. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa. Ukikizima na kukiwasha, inapotea. Lakini nywila ikiwa ileile, kifaa hutekwa tena ndani ya dakika chache.

Na ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue utaona kwa nini ni vigumu kumpata wa kumlaumu. Chipu imetengenezwa na mmoja, bodi na programu na mwingine, ganda la plastiki na wa tatu, nembo imebandikwa na wa nne, mwagizaji ni wa tano, na fundi anayekufungia ni wa sita. Kamera ileile inauzwa kwa majina kumi. Kiwanda kimelipwa mara moja tu, siku ilipouzwa. Kila sasisho la programu baada ya hapo ni gharama isiyo na mapato. Siwatetei, lakini bei ile nafuu tunayoifurahia dukani imepatikana kwa kuondoa miaka ya matunzo, na hilo halijaandikwa popote kwenye boksi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi ya uzembe. Julai 2025 Google ilifungua kesi New York dhidi ya mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimeambukizwa. Vingi ni vile visanduku vidogo vya Android vinavyoifanya televisheni ya kawaida kuwa janja, na baadhi yake vilikuwa na programu hasidi kabla ya mnunuzi kufungua boksi. Kwa kifaa kama hicho, kubadilisha nywila hakusaidii kitu.

Anayetazama ni nani

Umefunga kamera nyumbani Mbagala, na ukiwa Muscat unafungua simu na kuona sebule yako. Picha imepita wapi? Mara nyingi kamera na simu hukutanishwa na seva ya kampuni iliyotengeneza programu ya simu. Hata kama nywila yako ni ndefu, anayeishika seva ile ana nafasi ambayo wewe huioni.

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilieleza Mei 2023 jinsi mfanyakazi mmoja wa Ring, kampuni ya kamera za nyumbani inayomilikiwa na Amazon, alivyotazama maelfu ya video za wateja wanawake wasiopungua 81, zilizotoka kwenye kamera za vyumba vya kulala na bafu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Huyo hakuwa mdukuzi wa nje. Alikuwa ndani, na mfumo ulimruhusu. Mwaka 2017 tume hiyohiyo iliibana Vizio, watengenezaji wa televisheni, kwa kukusanya taarifa za kilichotazamwa kwenye televisheni milioni 11, sekunde kwa sekunde, bila ridhaa. Televisheni ilikuwa ikichukua vipande vidogo vya picha iliyo kwenye kioo na kuvilinganisha na hifadhi ya vipindi. Haikujali kama picha inatoka kwenye antena au kwenye DVD.

Katika mazungumzo yetu kuhusu faragha kuna mtu tunayemsahau. Aliyenunua kamera angalau alichagua. Dada wa kazi anayelala sebuleni hakuchagua. Mpangaji ambaye mlango wake uko mbele ya kamera ya mwenye nyumba hakuchagua, wala mtoto wa jirani anayecheza uani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023, lakini ndani ya nyumba mambo mengi huamuliwa na heshima kabla ya sheria. Kumwambia dada kwamba kamera iko hapa, inarekodi sauti, na hapa haifiki, hakugharimu chochote. Kumficha ni dhuluma.

Mitambo haiwezi kuzimwa tu

Turudi kwenye pampu. Kompyuta ya ofisi ikishukiwa, unaizima, unaisafisha, unaendelea kesho. Tanuru la saruji huwezi kulizima saa hii na kuliwasha kesho kama taa. Kidhibiti cha mtambo hufungwa kikitarajiwa kufanya kazi miaka 15 au 20, na mhandisi anayekisimamia amefundishwa jambo moja kuliko yote: mtambo usisimame. Ukimwambia kuna sasisho la programu, atakuuliza swali la haki: likiharibu, mji utakunywa nini?

Kisha kuna lugha zenyewe ambazo mitambo huzungumza. Modbus, mojawapo ya zinazotumika sana hadi leo, ilibuniwa mwaka 1979. Ina amri ya kusoma joto, ina amri ya kufungua vali, haina swali la “wewe ni nani?” Wakati huo halikuhitajika, kwa sababu waya ulianzia na kuishia ndani ya ukuta wa kiwanda. Baadaye mkurugenzi alitaka kuona uzalishaji kwenye kompyuta yake, mkandarasi alitaka kurekebisha hitilafu akiwa mji mwingine, na waya ukatoka nje ya ukuta. Lugha ikabaki ileile.

Kilichotokea Ukraine Desemba 23, 2015 kinaonyesha hayo yote kwa siku moja. Kampuni tatu za kusambaza umeme ziliingiliwa kwa barua pepe zenye faili za Office, miezi kadhaa kabla. Aliyefungua faili aliombwa aruhusu makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, akaruhusu. Wadukuzi hawakuwa na haraka. Walikusanya nywila, wakajifunza mfumo, wakagundua kwamba njia ya kuingilia mtandao wa mitambo kutoka mbali haikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Siku ilipofika, wafanyakazi kwenye chumba cha kuendeshea mitambo waliona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye kioo, kikifungua swichi moja baada ya nyingine, na umeme ukikatika mtaa baada ya mtaa. Walijaribu kukidhibiti, wakashindwa. Vituo vya kupozea umeme vipatavyo 30 vilizimwa, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani wakati wa baridi.

Wavamizi hawakuishia kwenye kuzima. Waliharibu programu ya ndani ya vifaa vinavyounganisha vituo na makao makuu, ili amri ya kuwasha isiweze kutumwa tena. Walifuta kompyuta. Walikata umeme wa akiba wa baadhi ya vyumba vya udhibiti. Walizifurisha laini za huduma kwa wateja kwa simu za uongo, ili wananchi wasipate wa kumuuliza. Kisha, ndani ya saa moja hadi sita, umeme ulirudi. Uliwezaje kurudi? Wahandisi walipanda magari, wakaenda kituo kwa kituo, wakarudisha swichi kwa mikono yao. Swichi za mkono bado zilikuwepo, na watu waliojua kuzitumia bado walikuwa kazini. Tunapoisifu mitambo mipya kwa kutohitaji mtu, sehemu hiyo ya kisa ingepaswa kusomwa kwa sauti.

Saudia mwaka 2017 mambo yalikaribia kuwa mabaya zaidi. Programu iliyopewa jina la Triton iliingia kwenye vifaa ambavyo kazi yake pekee ni kuzima kiwanda cha kemikali za mafuta kabla hakijalipuka. Ilikosea, vifaa vikasimamisha kiwanda, na kwa kusimama huko ikagunduliwa. Anayekigusa kifaa cha namna hiyo anachezea uhai wa watu.

Mita iliyo ukutani kwako

Kuna kifaa kimoja ambacho karibu kila msomaji wa Tanzania au Kenya anakijua kwa vidole vyake, nacho kinanifundisha zaidi ya visa vyote hivi: mita ya umeme wa kulipia kabla, LUKU kwa Tanzania, tokeni kwa Kenya. Mfumo wake, STS, ulizaliwa Afrika Kusini. Ukinunua umeme unapata tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo mna kiasi cha uniti kilichofungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake. Mita inazifungua yenyewe, inajua kama ni halali, inajua kama zimeshatumika. Haihitaji intaneti. Tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako, na mtu wa ng'ambo hana waya wa kuifikia.

Julai 2019 shirika la umeme la Johannesburg, City Power, lilipigwa na programu inayofunga mafaili na kudai fedha. Wateja wakashindwa kununua umeme. Mita zenyewe hazikuguswa. Duka ndilo lililofungwa. Aliyekuwa na uniti aliendelea kuwasha taa.

Lakini hata mita nzuri huzeeka. Kila tokeni hubeba muda wa kutengenezwa kwake, unaohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zingeisha Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu mwaka ule TANESCO na Kenya Power walikutumia makundi mawili ya tarakimu uingize kabla ya tokeni yako, na ukashangaa ni za nini. Wengi waliona ni usumbufu. Mimi niliona jambo adimu: mamilioni ya kompyuta zilizo kwenye kuta za watu, zikirekebishwa kwa vidole vya wenyewe, kwa sababu kulikuwa na shirika linalojua kila mita iko wapi, inatumia ufunguo gani, na nani wa kumtumia ujumbe. Kamera yako haina shirika la namna hiyo. Kasoro ikigunduliwa ndani yake leo, hakuna anayejua kwamba unayo.

Mita za kizazi kipya zinatuma matumizi zenyewe na zinaweza kukatwa kwa amri ya mbali. Zina faida kwa shirika na kwa mteja. Pia, mita inayotuma hesabu kila nusu saa inajua umeamka saa ngapi na nyumba imekuwa tupu tangu lini, na amri ya kukata nyumba moja, ikiangukia mikono isiyo salama, ni amri ya kukata nyumba zote. Maswali hayo yaulizwe kabla mita hazijafungwa, maana baada ya hapo tutakuwa tunayarekebisha ukutani.

Kwa nyumbani na dukani, fundi akimaliza kufunga kamera, kaa naye. Badilisha nywila mbele yake, ya kamera na ya ruta, akaunti iwe kwa jina lako, wala asiondoke nayo kwenye simu yake. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Weka kamera na televisheni huko, mbali na simu unayofanyia miamala. Kama hutazami ukiwa mbali, zima uwezo wa kutazama kutoka mbali. Chumba cha kulala hakihitaji kamera.

Kwa anayesimamia pampu, ghala la baridi au jenereta la hospitali, kazi ya kwanza ni kuchosha na haina sifa: kuandika orodha ya kila kifaa chenye waya wa mtandao, na nani anaweza kukifikia. Tangu 2009 iko tovuti iitwayo Shodan inayoorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti duniani kote. Kama wewe huna orodha yako, wengine wanayo. Kisha ondoa mitambo kwenye intaneti ya wazi, weka hatua ya pili ya uthibitisho kwa mkandarasi, na mara kwa mara endesheni mtambo kwa mkono siku nzima, mkiwa bado mnao wazee wanaojua.

Uingereza ilipiga marufuku nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vya watumiaji wa kawaida vinavyounganishwa na intaneti kuanzia Aprili 29, 2024, na mtengenezaji sasa lazima aseme atatoa masasisho mpaka lini. Umoja wa Ulaya una sheria yake, ambayo masharti yake makuu yataanza Desemba 11, 2027. Hofu yangu ni kwamba bidhaa itakayokataliwa huko itatafuta soko lisilouliza, nami ningependa alama ya ubora ya TBS au KEBS imaanishe pia kwamba kifaa hiki hakitumii ufunguo mmoja na vingine milioni.

Unitronics, kwa upande wao, walitoa toleo jipya la programu Desemba 2023, majuma machache baada ya Aliquippa. Linamlazimisha mtumiaji kubadilisha nywila ya kiwandani. Ili lifanye kazi, mara nyingi mtu anapaswa kwenda kwenye kila kituo, afungue kabati, aunganishe kompyuta yake, na aliweke.